PROGRAMU IKIKATAA KUSIKIA: NAMNA YA KUISIMAMISHA KWA AMRI



Katika maulizo yanayoletwa juu ya kompyuta, ile ambayo wengi kwetu wanaita ordinatere, moja linarudi kila mara: « Programu imegoma, haijibu tena, tufanye nini? » Wengi wako na jibu lao tayari: kuchomoa kamba ya umeme. Ni jibu rahisi, lakini ni baya.

Fikirini sekretere anayeingiza pointi za klasi nzima. Ameandika tangu asubuhi. Kando yake, katika mashini ile ile, kuna programu nyingine inayotuma kurasa kwa mashini ya kuchapa. Hiyo ya kuchapa inagoma. Mtu anakuja mbio, anachomoa kamba. Programu moja tu ndiyo iliyogoma, lakini zote zimekufa pamoja, na pointi za asubuhi zimekwenda nazo. Kumbe kulikuwa na njia ya kuondoa ile moja na kuacha nyingine zikiendelea na kazi yao. Njia hiyo ndiyo tunataka kuieleza hapa, hatua kwa hatua.

1. PROGRAMU NA PROSESI

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na kuwekwa katika diski. Inalala pale, sawa na wimbo ulioandikwa katika kitabu. Korali ikisimama na kuuimba, hapo ndipo wimbo unasikilika. Programu inayoendeshwa, yaani wimbo unaoimbwa sasa, inaitwa prosesi. Na kama vile korali mbili zinaweza kuimba wimbo mmoja kwa saa moja katika nyumba mbili, vilevile programu moja inaweza kuwa na prosesi mbili, tatu au zaidi.

Kila prosesi iko na mambo matatu ya kujua:

a) Namba yake. Kompyuta inaipa namba inapoanza, na kwa wakati ule hakuna nyingine yenye namba hiyo. Namba hii inaitwa PID.

b) Mwenyewe. Ni mtu aliyeianzisha, kwa jina aliloingia nalo katika mashini.

c) Mzazi. Kila prosesi imezaliwa na prosesi nyingine. Ukifungua terminali (lile dirisha la kuandikia amri) na kuandika amri, terminali iko na prosesi yake, na amri yako inakuwa mtoto wa ile.

Anayegawa namba, anayegawa nafasi ya kumbukumbu na zamu za kufanya kazi, ni kiini cha mfumo. Yeye ndiye anaona prosesi zote. Sisi tukitaka kuondoa prosesi moja, hatuigusi kwa mkono wetu, tunamwomba yeye.

2. AMRI HIZI ZILITOKA WAPI?

Katika mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wakifanya kazi katika Bell Labs huko Marekani, walianza kutunga mfumo uitwao Unix. Mashini za wakati ule zilikuwa za bei kali, na watu wengi walitumia moja pamoja, kila mtu na terminali yake. Kazi ya mmoja ikigoma, haikufaa kuzima mashini ya wote. Ndiyo sababu ilihitajiwa amri ya kuondoa prosesi moja tu.

Katika mwaka 1991, mwanafunzi mmoja wa Helsinki, katika inchi ya Finland, jina lake Linus Torvalds, alitangaza Linux, ambayo inafuata namna ya Unix. Ubuntu ni moja ya Linux hizo. Ilitokea mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake ni lugha ya Afrika: ni ndugu wa neno letu « utu ». Hata simu za Android ziko na kiini cha Linux ndani yake. Kwa hiyo anayejifunza amri za Linux anajifunza jambo linalotumika mahali pengi. Mwishoni tutasema pia juu ya Windows.

3. KWANZA: CTRL NA C

Mwanafunzi ameandika programu ndogo, na amesahau kuweka mahali pa kumalizikia. Programu inazunguka, inazunguka, ekrani inajaa mistari. Hapa hakuna haja ya mambo mengi. Kama programu inaendeshwa ndani ya terminali mbele yenu, finyeni Ctrl na C pamoja. Mara nyingi inakoma pale pale.

Msichanganye na Ctrl na Z. Hiyo haimalizi programu. Inaisimamisha tu, sawa na mtu aliyeambiwa « ngoja kwanza ». Programu inabaki katika kumbukumbu na inakamata nafasi. Ukiandika fg inaendelea mbele yako. Ukiandika bg inaendelea kwa nyuma. Wengine wanafinya Ctrl na Z mara kumi, wakizani wameondoa programu kumi, kumbe zote kumi zinalala ndani.

4. PILI: KUTAZAMA ORODHA

Kama Ctrl na C haisaidii, au kama programu haiko katika terminali yenu, fungueni terminali nyingine na muandike:

     ps aux

Prosesi zote zitatokea, moja kwa kila mstari. Kwa kuona za terminali yenu tu, ps peke yake inatosha. Jibu litafanana na hili:

     PID   TTY     TIME       CMD
     1874  pts/0   00:00:00   bash
     2310  pts/0   00:14:52   python3
     2345  pts/0   00:00:00   ps

Someni pole pole. Chini ya PID kuna namba. Chini ya TIME kuna wakati ambao prosesi imetumia nguvu za mashini, na chini ya CMD kuna jina. Hapa python3 imekula karibu dakika 15 za kazi, wakati nyingine hazijatumia hata sekunde nzima. Tunaanza kujua tunayemtafuta: namba 2310.

Amri nyingine ni top. Hiyo inaonyesha orodha inayobadilika kila mara, na zile zinazokula nguvu nyingi ziko juu. Kutoka ndani yake, finyeni q.

Msitosheke na jina tu. Angalieni pia mwenyewe wa prosesi na muda wake. Prosesi inayotumia nguvu nyingi si lazima imegoma. Labda inafanya kazi kubwa ya haki, na ukiingoja itamaliza.

5. TATU: KUTUMA ISHARA

Amri yenyewe inaitwa kill. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni « kuua », na jina hilo linadanganya watu. Amri hii kwa kweli haiui, inatuma ishara. Ishara ni ujumbe mfupi unaokwenda kwa prosesi kwa njia ya kiini cha mfumo. Kuna ishara nyingi, na ukiandika kill -l utaona orodha yao. Kwa kazi zetu, inatosha kujua hizi:

Ishara 1 (HUP): zamani terminali ziliunganishwa kwa waya za simu. Simu ikikatwa, prosesi ziliarifiwa kwa ishara hii kwamba mtu wao amekwenda. Hata leo, ukifunga dirisha la terminali, ishara hii inatumwa.

Ishara 2 (INT): hii ndiyo inayotumwa mkifinya Ctrl na C.

Ishara 15 (TERM): « Tafazali, malizia kazi yako na uondoke. »

Ishara 9 (KILL): hii haielekezwi kwa prosesi kusudi ijibu. Kiini cha mfumo chenyewe kinaiondoa, bila kuiuliza.

Ukiandika kill na namba bila neno lingine, ishara 15 ndiyo inakwenda:

     kill 2310

Na kama unataka ishara 9, unaandika:

     kill -9 2310

Angalieni klavie zetu. Kwenye klavie ya Kifaransa (AZERTY), ukifinya kitufe cha 9 bila kukamata kitufe cha herufi kubwa, unapata ç, si 9. Amri itakataa. Tena, kama klavie ni ya Kifaransa lakini mfumo unazani ni ya Kiingereza, Z na W zinabadilishana mahali. Mtu anafinya Ctrl na Z, mashini inapokea Ctrl na W, na anasema amri ni mbovu.

6. KWA NINI 15 MBELE YA 9?

Wengi wanaojua amri hii wamekariri kill -9 tu, kwa sababu wameona inashinda. Hapa ndipo tunaomba msome vizuri, maana kazi za watu zinapotea hapa.

Programu inayofanya kazi iko na mambo mikononi. Kuna maandiko ambayo hayajafika katika diski. Kuna fishie ndogo za muda ambazo itazifuta ikimaliza. Nyingine zinaacha alama ya kusema « fishie hii ninaitumia, mtu mwingine asiiguse ». Ikipokea ishara 15, programu iliyotungwa vizuri inaweza kuandika yaliyobaki, kufunga fishie zake, kuondoa alama zake, halafu inakwenda. Ikipokea 9, haipati hata nafasi ya kujua kwamba inaondolewa. Yaliyokuwa mikononi yanaanguka chini. Fishie inaweza kubaki nusu, na alama inaweza kubaki pale, hata kesho programu ikatae kufungua fishie kwa kuzani mwingine bado anaitumia.

Lakini tuseme ukweli wote: ishara 15 si ahadi kwamba kazi itaokoka. Programu ndogo ambayo haikufundishwa namna ya kuipokea inakatika tu mara moja. Na programu iliyogoma kabisa labda haitasikia. Ishara 15 inatoa nafasi. Programu ndiyo inaitumia au haiitumii. Kumnyima nafasi hiyo mwenye kazi, bila sababu, ndiyo makosa.

Na kamba ya umeme? Hiyo ni kali kuliko 9. Programu ikisema « nimeandika », mara nyingi maandiko yako bado kwa kiini cha mfumo, katika kumbukumbu. Linux inaweza kuyakamata hata sekunde 30 hivi kabla ya kuyaandika kwa kweli katika diski. Ukituma ishara 9, kiini kinabaki mzima na kinamaliza kuandika yale kilichopewa. Ukichomoa kamba, kiini nacho kinaanguka. Ndiyo sababu wale ambao grupu yao inazimika bila kuwaarifu wanakuta wamepoteza hata yale waliyozani wameyaweka salama.

Basi fuateni hatua hizi:

Hatua ya 1: Ctrl na C, kama programu iko mbele yenu.
Hatua ya 2: kill na namba. Halafu mngoje sekunde 10 hivi.
Hatua ya 3: ps tena. Je, namba ile bado iko?
Hatua ya 4: kama iko, na ni ile ile, ndipo kill -9.

Kompyuta yenyewe inafuata njia hii. Ukiiamuru izimike, Linux inatumia prosesi zote ishara 15, inazingoja, halafu zile zinazobaki inazipa 9. Katika Linux nyingi za siku hizi, huduma iliyokawia inaweza kungojewa mpaka sekunde 90. Ndiyo maana mashini inachelewa kuzimika mara nyingine. Inangoja wengine wamalize kufunga kazi zao, haijaharibika.

7. IKIKATAA HATA 9

Maulizo mengine: « Tumetuma 9, na bado tunaiona katika orodha! » Kuna sababu mbili za kawaida. Mtaziona katika ps aux, chini ya STAT.

Herufi Z: hiyo ni zombi. Prosesi imekwisha kufa, lakini mzazi wake hajakuja kuchukua habari za mwisho wake. Haikamati kumbukumbu, ni mstari tu katika daftari. Huwezi kuua aliyekufa. Dawa iko kwa mzazi: akiondoka yeye, kwa kawaida prosesi namba 1 inawapokea watoto wake na kufuta jina la zombi.

Herufi D: prosesi inangoja jambo ndani ya kiini, mara nyingi diski au kle ya USB iliyoharibika au iliyochomolewa vibaya. Wakati inangoja hivyo, hata ishara 9 inaweza kukaa mlangoni. Shugulikieni kwanza kile inachokingoja. Kama haiwezekani, hapo ndipo kuanzisha mashini upya kunaruhusiwa, kwa amri, si kwa kamba.

Herufi T si ugonjwa. Ni prosesi iliyosimamishwa, kwa mfano kwa Ctrl na Z. Ishara 15 itaingoja mpaka iamshwe. Iamsheni kwa fg, halafu mfinye Ctrl na C.

8. KUJUA UNAYEMGUSA

Mtu wa kawaida anaweza kutuma ishara kwa prosesi zake mwenyewe tu. Akigusa ya mwingine, mashini inajibu kwamba hana ruhusa. Lakini yule anayeitwa root, mkubwa wa mashini, anaweza kugusa zote. Kwa hiyo yule aliyepewa neno la siri la root ajihadhari zaidi kuliko wote.

Prosesi namba 1 ni mzazi wa wazazi. Inaanza ya kwanza mashini inapowashwa. Linux inailinda hata na ishara 9. Nyingine hazina ulinzi kama huo.

Kuna amri pkill, ambayo inatafuta kwa jina badala ya namba. Inafaa, lakini inatafuta hata kipande cha jina. Ukiandika pkill sh, haitagusa sh peke yake. Itagusa kila jina lenye herufi hizo ndani, kama bash na ssh. Andikeni kwanza pgrep -l na kipande kile: hiyo inaonyesha majina bila kugusa kitu. Mkikubali orodha, ndipo pkill.

Kuna pia killall. Katika Linux inaondoa prosesi zote zenye jina ulilotaja. Lakini katika Unix nyingine, kama Solaris, amri yenye jina hilo hilo inaondoa prosesi zote za mashini, maana iliwekwa kwa kazi ya kuzima. Jina ni moja, kazi ni mbili. Anayehamia mashini asiyoijua asome kwanza maelezo yake, kwa amri man killall.

Na kill -9 -1 msiijaribu hata kwa mchezo. Ile -1 maana yake ni « zote ninazoweza kugusa ». Namba za prosesi nazo zinarudi: ile ya 2310 ya asubuhi inaweza kuwa ya mtu mwingine jioni. Msitumie namba mliyoandika kwenye karatasi jana; tazameni orodha tena.

9. KWA WENYE WINDOWS

Windows haifuati Unix, lakini jambo ni lile lile. Fungueni dirisha la amri na muandike tasklist. Orodha inatokea, na namba zake. Halafu:

     taskkill /PID 2310

Hii inaomba programu ifunge dirisha lake. Programu inaweza kuuliza kama unataka kuhifazi kazi. Ikikataa, mnaongeza /F, yaani kwa nguvu:

     taskkill /F /PID 2310

Ukiongeza /T, watoto wake wanaondoka pamoja naye. Kutafuta kwa jina ni /IM, kwa mfano taskkill /IM notepad.exe. Hapa pia tunaanza bila /F.

10. ZOEZI

Ni zoezi lisilo na hatari, katika Linux. Programu sleep haifanyi kitu. Inalala tu kwa hesabu ya sekunde.

a) Andikeni sleep 600 & (ile alama ya mwisho inaiweka nyuma). Mashini itawapa namba. Andikeni ps, muione. Andikeni kill na namba ile, halafu ps tena. Imekwenda?

b) Andikeni nohup sleep 600 & . Neno nohup linaifanya isijali ishara 1. Tumeni kill -1 na namba yake. Tazameni ps: bado iko. Sasa tumeni kill bila kitu kingine. Tazameni tena.

c) Elezeni kwa maneno yenu wenyewe: kwa nini ishara ya kwanza ilishindwa na ya pili ikashinda? Je, ishara 9 ingeweza kukataliwa vile?

Anayefanya zoezi hili mara mbili hatasahau. Na siku mashini ya biro itagoma katikati ya kazi ya pointi, mtu wa kuitwa atapatikana katika klasi zetu wenyewe, na kamba ya umeme itabaki mahali pake. Maulizo mengine juu ya kompyuta, yaandikeni katika karatasi na muyalete. Tutajaribu kuyajibu katika namba zinazokuja.